Kishingo Alivyofugwa na Fisi

Hapo zamani, zamani ambayo ninyi watoto hamkuwepo na mimi nilikuwepo, fisi walikuwa wakijenga nyumba za udongo, wakipika kwenye mafiga na kuozesha binti zao kwa adabu zote. Msiniulize nina miaka mingapi. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, nimechuchumaa darini kwa hao fisi, nimeziba pua. Shule niliiacha darasa la tano, lakini dari ile sikuiacha hata siku moja.

Basi palikuwa na kuku mmoja, jina lake Kishingo. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja, kama mnavyowaona kuku wa namna hiyo. Alikuwa mdogo wa mwili, miguu myembamba, maneno mengi. Alikuwa kichakani ndani ya kikapu kibovu, ameatamia mayai tisa, na hiyo ilikuwa siku yake ya nane.

Akatokea Fisi, yule aliyeitwa Baba Gego.

Sasa, Baba Gego alizoea kuku wanaokimbia. Ukimwendea kuku, anapiga kelele kwaa kwaa kwaa, anaruka, unamfukuza, unachoka, unamla. Huyu hakukimbia. Alijaza manyoya mpaka akawa kama mto wa kulalia, akamtazama kwa jicho moja, akanguruma.

"Krrrrrr."

Baba Gego akarudi hatua mbili. "Wewe. Umenguruma?"

"Nimenguruma."

"Kuku hangurumi. Hapa anayenguruma ni mimi."

"Kuku anayeatamia ananguruma," akasema Kishingo. "Tena hakimbii, hana simile, na ukisogea nakudonoa pua."

Baba Gego akawaza. Kuku asiyekimbia ni kuku asiyechosha. Akainua kikapu na kuku na mayai, akajitwika kichwani, akashika njia ya nyumbani akipiga mluzi.

Kishingo angeweza kuruka. Mabawa alikuwa nayo. Lakini mayai hayana mabawa. Akabaki amekaa juu ya kichwa cha fisi, akipiga hesabu: yai hutotolewa siku ya ishirini na moja. Ondoa nane, zimebaki kumi na tatu. Siku kumi na tatu ndani ya nyumba ya fisi, halafu watoke wote wakiwa hai. Akameza mate, kama kuku ana mate.

"Mama Gego, injika maji," Baba Gego akaita toka uani.

Mkewe akatoka na kisu. Akamzunguka kuku mara moja. "Huyu mbona ameshanyonyolewa shingo?"

"Amejianza mwenyewe."

"Shikamoo, mama," akasema Kishingo.

"Marahaba," Mama Gego akajibu, kabla hajakumbuka kwamba anasalimiana na mboga.

Pembeni alikaa binti yao Gego, anapakwa mafuta na shangazi yake. Kishingo hakuwa mpumbavu. Akauliza taratibu, "Naona bibi harusi anang'arishwa. Mna wakwe?"

"Wanakuja kuposa," Mama Gego akasema, na kifua kikamjaa. "Baada ya siku kumi na tatu."

"Wangapi?"

"Kumi."

"Na kuku mnaye mmoja."

Mama Gego akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Wakwe kumi, mapaja mawili," Kishingo akaendelea. "Hiyo ni posa au ni vita? Mimi nisingesema kitu, mimi ni kitoweo tu. Lakini mayai haya yakitotolewa mtapata vifaranga tisa, na mimi wa kumi. Kila mkwe na kuku wake. Na yatatotolewa siku hiyohiyo."

Mama Gego akaweka kisu chini.

"Anatudanganya huyu," akasema Baba Gego.

"Anatudanganya nini? Tisa na mmoja si kumi? Tutamfuga."

Ndipo fisi wakaanza kazi ya kufuga kuku, kazi wasiyoijua mbele wala nyuma. Fisi anamjua kuku kuanzia kwenye meno kwenda tumboni. Kuanzia kwenye meno kuja nje, hajui lolote.

Siku ya kwanza Kishingo alishuka kikapuni, akala mtama kidogo, akaenda kwenye kokoto za uani, akaanza: ko, ko, ko.

"Mama Gego, kuku wako ana wazimu. Anakula mawe."

"Sina meno, baba," akasema Kishingo. "Nasagia chakula tumboni, kwenye firigisi. Mawe ndiyo meno yangu."

Baba Gego hakukubali kuzidiwa na kuku nyumbani kwake. Akatafuna kokoto tatu. Mbili zilivunjika. Ya tatu ilivunja.

Siku ya tatu Mama Gego alimkuta Kishingo anajing'oa manyoya ya kifuani, moja moja, anayatandika chini ya mayai. Akapiga vigelegele. "Njooni mwone. Anajinyonyoa. Kuku mwenye adabu namna hii mimi sijapata kumwona."

"Nayaondoa ili ngozi yangu iguse yai," Kishingo akaeleza. "Unyoya unazuia joto."

"Sawasawa, mwanangu, endelea. Na mgongoni usisahau."

Siku ya nne ndiyo ilikuwa balaa. Kishingo alienda kwenye jivu la jikoni, akajibwaga ubavu, mguu mmoja juu, bawa limetandazwa, jicho limepinduka. Hata mimi kule darini nikasema, maskini, amekwenda.

"Amekufa," Mama Gego akalia. "Baba Gego, wahi, wakati bado ana joto."

Baba Gego alikuja mbio na kisu, akainama mpaka pua ikagusa manyoya. Kishingo akanyanyuka, akajikung'uta. Pwaa! Jivu la nyumba nzima likaingia kwenye macho ya Baba Gego.

"Nini wewe?"

"Naoga. Jivu linaua chawa na utitiri."

"Unaoga kwa uchafu?"

"Kwani wewe unaoga kwa nini?"

Baba Gego akaondoka akipangusa macho, maana tangu azaliwe hajaoga.

Siku ya sita uvumilivu ukamwishia. Aliamka ameota supu, akasimama mbele ya kikapu amekunja mikono. "Mama Gego, nimefikiri. Huyu aingie chunguni leo. Mayai nitayaatamia mimi. Nina tumbo la moto, kila mtu anajua."

"Na mkwe wa kumi atakula nini?"

"Mmoja wao hakosi kuumwa tumbo."

Akageuka, akashika mkia wake pembeni, akaanza kushusha makalio yake juu ya kikapu. Watoto, makalio ya fisi mmeyaona. Mayai tisa yasingebaki hata ganda. Kishingo akanyoosha mdomo. Tii! Akamdonoa palepale panaposhuka.

Baba Gego akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Ngoja, baba," akasema Kishingo. "Sikukatazi. Lakini kuatamia si tumbo, ni moto wa ndani. Tupime kwanza nani anao. Pale kwenye ungo naona pilipili za mama zinakauka. Tule. Atakayetoa chozi moto wake ni mdogo, na asikae tena juu ya mayai wala asitaje kisu mpaka siku ya wakwe."

"Mimi natafuna mifupa ya nyati," akasema Baba Gego. "Pilipili ni mboga ya watoto."

Zilikuwa pilipili kichaa, zile ndogo nyekundu ambazo ukizipita tu unapiga chafya. Kishingo akaanza. Ko. Ko. Ko ko ko. Kumi. Ishirini. Hata kope haikucheza. Akafuta mdomo wake kwenye ukingo wa ungo, huku na huku, akauliza, "Zipo nyingine?"

Ninyi mnaofuga mnajua, na msiofuga nawaambia: kuku hausikii ukali wa pilipili. Kwake ni kama mbegu za tango. Lakini nani aliwahi kumwambia fisi?

Baba Gego akateka konzi nzima, akatupia kinywani.

Mwanzoni alitabasamu. Halafu tabasamu likasimama. Masikio yakalala, yakainuka, yakalala. Mkia ukanyooka kama mwiko. Akasema kitu ambacho hakikuwa neno, "Haaaa, fuu, fuu, haaa," akatoka mbio, akauvamia mtungi wa maji, akanywa, na maji yakasambaza moto mpaka kooni. Akakimbilia bwawani, akakaa humo mpaka alasiri, kichwa nje, kinywa wazi, ulimi umemwagwa juu ya maji kama kitambaa cha kufulia.

"Machozi yalitoka?" Kishingo akamuuliza Mama Gego.

"Yalitoka mpaka kwenye magoti."

Toka siku hiyo hakuna aliyesema habari za kisu. Lakini Kishingo hakucheka sana. Alikuwa amenunua siku saba tu, na siku ya wakwe chungu kitakuwa motoni, na yeye na wanawe tisa watakuwa pembeni yake. Alikaa juu ya mayai, akiwaza njia ya kutoka, akaikosa. Akawaza tena.

Njia ilitoka kwa Mama Gego mwenyewe, siku ya kumi, akimfundisha mumewe adabu.

"Sikiliza vizuri, Baba Gego. Posa ya kwanza uliiharibu wewe. Ya pili uliiharibu wewe. Ulisikia hodi ukachungulia kwanza, ukamwona shangazi wa mchumba, ukacheka, wakarudi kwao. Gego anakaribia kuzeekea hapa. Safari hii ukisikia kugongwa, huchungulii. Huulizi nani. Unaitika maneno yote mpaka mwisho. Hebu yaseme."

Baba Gego akakohoa. "Karibu. Ulikotoka ni kwetu, ulipofika ni kwako. Jino langu ni mlinzi wako, na njia yako ya kurudi ni mguu wangu."

"Maana yake?"

"Maana yake niliyemwambia hivyo simli, simfukuzi, na akiondoka namsindikiza."

"Na ukivunja?"

"Hakuna fisi atakayeoa kwangu tena mpaka dunia iishe."

Kishingo aliinua kichwa. Shingo yake tupu ikawa nyekundu kwa furaha.

"Mama," akaita kwa sauti ya unyonge, "moshi wa jikoni unanizidi, na mayai yanashika harufu yake. Vifaranga watakuwa na ladha ya masizi. Ningepata pahali penye hewa, kwa mfano pale nyuma ya mlango."

"Masizi?" Mama Gego akashtuka. "Baba Gego, hamisha kikapu haraka."

Siku ya kumi na mbili fisi wote walienda kutafuta kuni. Kishingo alibaki peke yake, na chini ya tumbo lake akasikia: piu. Kidogo sana, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Piu.

"Kluk, kluk," akajibu. "Nawasikia, wanangu."

Ndiyo, watoto, kifaranga huongea akiwa bado ndani ya yai, na mama yake humjibu, na hutambuana kwa sauti kabla hawajaonana. "Mko nyumbani kwa fisi," akawaambia. "Msiogope. Kesho asubuhi kila mmoja agonge kwa nguvu zake zote. Mmoja baada ya mwingine, msigombanie. Kluk."

Kesho yake nyumba ilifagiwa, mkeka ukatandikwa, maji yakachemka. Baba Gego alivaa kofia mpya, akashika kisu, akasogea kikapuni.

"Haya, muda umefika. Wametoka?"

"Bado kidogo, baba."

"Basi tuanze na wewe."

Kishingo hakunguruma, hakudonoa. Akajiinua kidogo tu juu ya mayai.

Ko. Ko ko.

Baba Gego akaganda.

Ko ko ko. Mlangoni.

"Wakwe," Mama Gego akanong'ona. "Usichungulie. Ficha kisu."

Kisu kikaingia chini ya mkeka. Baba Gego akasimama wima, akafumba macho asije akashawishika kuangalia, akatamka: "Karibu. Ulikotoka ni kwetu, ulipofika ni kwako. Jino langu ni mlinzi wako, na njia yako ya kurudi ni mguu wangu."

Hakuna aliyeingia. Baada ya muda, ko ko ko.

"Wanabisha mmoja mmoja," Mama Gego akasema, macho yamemlegea kwa raha. "Ni watu wa heshima. Hawataingia mpaka wote wakaribishwe. Sema tena."

Akasema tena. Na tena. Watoto, yule fisi alikaribisha asubuhi nzima. Kofia ilimlegea, sauti ilimkauka, maji yalichemka yakapungua, Mama Gego akaongeza. Mara ya saba, mara ya nane. Alipomaliza mara ya tisa jua lilikuwa utosini, na uani ikasikika sauti nzito.

"Mbona unatukaribisha na sisi hatujabisha?"

Mlango ukasukumwa. Walikuwa wakwe kumi, na mbele yao Mzee Fupa, baba wa mchumba, fisi mkubwa mwenye fimbo.

Baba Gego akafumbua macho. "Si ninyi mliobisha?"

"Sisi tumefika sasa hivi. Tumesikia tu ukimwapia mtu kwamba jino lako ni mlinzi wake. Nani huyo?"

"Ni wageni tisa, mzee wangu. Shikamoo," ikajibu sauti nyuma ya mlango.

Kishingo akashuka kikapuni. Nyuma yake, juu ya maganda, vifaranga tisa, wengine wamekauka, wengine bado wamelowana, kila mmoja na kijino chake cheupe kwenye ncha ya mdomo, kile cha kuvunjia yai.

"Hao ni mboga," Baba Gego akasema haraka.

"Umewaitikia?" akauliza Mzee Fupa.

"Nilidhani ni ninyi."

"Sikukuuliza ulidhani nini. Umeyasema yale maneno, au hukuyasema?"

"Mara tisa," akasema Kishingo. "Mama Gego ni shahidi."

Mama Gego alikuwa ameziba uso kwa upande wa kanga. Posa ya tatu alishaiona inatoka nje kwa miguu yake.

"Nakuuliza kwa sababu mwanangu atakuwa analala chini ya maneno hayo," Mzee Fupa akasema. "Yanashika, au yanategemea njaa?"

Baba Gego akatazama chungu. Akatazama binti yake. Akashusha pumzi ndefu. "Yanashika. Tisa wamepona." Halafu jicho lake likang'aa. "Lakini mama yao hakubisha. Mama yao nilimleta mimi, kichwani kwangu. Huyu anaingia chunguni."

Hapo Mzee Fupa akaitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Baba Gego akachomoa kisu chini ya mkeka. Kishingo akasogea mbele ya vifaranga wake.

"Ni kweli, baba, sikubisha," akasema. "Nichinje. Ila wageni wako mimi sitakuwepo kuwaangalia, kwa hiyo nikuambie mapema. Kifaranga akitoka tu humfuata yule anayetembea mbele yake. Nikifa mimi, mama yao ni wewe. Hebu piga hatua."

"Upuuzi gani huu?" akasema Baba Gego, akapiga hatua.

Vifaranga wawili wakadondoka kutoka kikapuni, wakamfuata. Piu piu.

Akasogea kushoto. Wanne. Akazunguka chungu haraka, na wote tisa nyuma ya mkia wake, piu piu piu piu, wanaanguka, wanainuka, wanakimbia. Akasimama, wakaingia chini ya tumbo lake kutafuta joto. Mmoja akalala kwenye kidole chake.

"Utakwenda nao sokoni," Kishingo akasema. "Utakwenda nao bwawani. Ukikutana na fisi wenzako mnagawana mzoga, wao watakuwa kati ya miguu yako wakikuita mama. Miezi miwili, labda mitatu. Na kuwafukuza huwezi, ni wageni."

Wakwe wakaanza kucheka. Fisi tisa wanacheka, na mnajua fisi akicheka. Mzee Fupa alijizuia mpaka fimbo ikamtoka mkononi.

"Watoe," Baba Gego akanong'ona.

"Nitawatoaje na niko chunguni?"

"Mama wa watu, nakuomba. Chukua watoto wako uende. Mwite hata huyu aliyelala kwenye kidole."

"Kluk," akasema Kishingo, mara moja tu. Ile sauti waliyoisikia ndani ya mayai. Vifaranga wote tisa wakageuka kama waliovutwa kwa uzi, wakamkimbilia.

Baba Gego akawasindikiza mpaka mwisho wa kijiji, kama alivyoapa, akibeba mfuko wa mtama wa njiani na kuzomewa na kunguru. Wakwe walikula ugali kwa mchuzi wa pilipili, wakatokwa na machozi, mahari ikapokelewa, Gego akaolewa.

Umfugaye bila kumjua, yeye ndiye atakufuga.

Sasa mtu asije akasema nimetia chumvi. Mawe ni kweli, jivu ni kweli, pilipili hata wewe kajaribu kwa kuku wenu kesho. Kitu kimoja tu nimekiongeza. Wale vifaranga walikuwa wanane. Anayefuga kuku anajua kwamba katika kila mayai yanayoatamiwa moja halikosi kuwa viza, na Kishingo naye lake lilikuwepo, aliligeuza kwa mdomo, akalisikiliza, akaliacha kwenye kikapu. Huyo wa tisa nimemtotoa mimi, kwa ulimi wangu, kwa sababu nilishindwa kumwacha kule.